Kifuko cha nani? Shajara ya mradi wa kolesteroli na nyongo, Kisumu

Jumamosi, 10 Mei

Klabu ya sayansi imeamua. Swali letu la maonyesho ya sayansi ya mwaka huu ni hili: mnyama akilishwa chakula chenye kolesteroli nyingi, kifuko chake cha nyongo kinapatwa na nini? Limetolewa na msichana wa kidato cha tatu ambaye shangazi yake aligunduliwa kuwa na mawe ya nyongo, akarudi nyumbani na maagizo ya kupunguza mafuta. Wenzake walitaka mambo ya sumaku na taa za jua. Hoja yake ilishinda kwa kuwa hakuna hata mmoja mle maabarani aliyeweza kueleza nyongo inatoka wapi na inafanya kazi gani, ilhali karibu wote wameionja kwenye matumbo.

Nimefurahi mno. Mtu akisikia kolesteroli, mawazo hukimbilia moyo na mishipa ya damu. Lakini kolesteroli yenyewe ilipatikana kwanza ndani ya mawe ya nyongo ya binadamu, huko Ufaransa katika karne ya 18, kabla mtu yeyote hajaitambua kwenye damu. Kwa hiyo nyongo ndiko nyumbani kwake, na ndiko tutakakoanzia.

Pesa hatuna. Tulicho nacho ni darubini zinazofanya kazi, kichinjio kisicho mbali, ziwa, na vijana wenye hamu.

Jumanne, 13 Mei

Leo tumejaza ubao. Nayaandika hapa kwa sababu kila kitu kitakachofuata kinategemea haya.

Nyongo hutengenezwa na ini, usiku na mchana. Kifuko hakitengenezi nyongo. Kazi yake ni kuihifadhi na kufyonza maji yake mpaka iwe nzito, mara 5 hadi 10 kuliko ilivyotoka kwenye ini. Kwa mtu mzima kinabeba mililita 30 hadi 50 hivi. Chakula chenye mafuta au protini kinapofika mwanzo wa utumbo mwembamba, ukuta wa utumbo unamwaga homoni ndani ya damu, homoni inafika kwenye kifuko, na kifuko kinajikamua. Homoni hiyo ni kolesistokinini. Ivy na Oldberg waliieleza mwaka 1928 huko Marekani.

Ukikausha nyongo ya binadamu ukabaki na yabisi tu, kama theluthi mbili ni chumvi za nyongo, sehemu moja kwa tano hivi ni fosfolipidi (aina ya mafuta), na kolesteroli ni asilimia 4 tu. Asilimia hiyo ndogo ndiyo yenye matata yote, kwa sababu kolesteroli haiyeyuki majini. Inasafiri kwa kubebwa. Niliwaambia wafikirie matatu ya Kondele: viti ni chumvi za nyongo na fosfolipidi, abiria ni kolesteroli. Abiria wakizidi viti, wanaobaki stejini wanaanza kukusanyika, na mkusanyiko huo ndio fuwele za kwanza. Mwaka 1968 Admirand na Small walichora pembetatu inayoonyesha viwango vya hivyo vitu vitatu, na ndani yake wakapiga mstari: upande huu kolesteroli yote imebebwa, upande ule imezidi. Vijana wameinakili pembetatu hiyo kwenye karatasi kubwa na itakuwa katikati ya bango letu.

Mmoja aliuliza swali zuri: ikiwa kolesteroli ikizidi tu jiwe linatokea, mbona watu wengi wenye nyongo iliyozidi hawana mawe? Ni kweli, hawana. Kuzidi hakutoshi. Lazima fuwele zipate mahali pa kunata, nazo hunata kwenye ute ambao ukuta wa kifuko hutoa. Halafu lazima zipewe muda, na muda hupatikana kifuko kikiacha kujikamua vizuri. Nimemwambia ashike hilo la mwisho kwa mikono miwili.

Jumamosi, 17 Mei

Kichinjioni tangu saa kumi na mbili asubuhi. Nilikwenda na vijana wachache tu, wote na buti na glavu, baada ya kupiga hodi kwa mkaguzi wa nyama mapema wiki hii. Mzee huyo ana subira ya kipekee. Alitaka kila mmoja asimame karibu aone.

Alichukua ini la ng'ombe, akaligeuza upande wa chini ukaangalia juu. Pale katikati kifuko kilikuwa kimening'inia, kijani kinachoelekea manjano, kimejaa hadi ngozi yake inang'aa. Karibu yake kulikuwa na ini lingine ambalo kifuko chake kilikuwa kimesinyaa. "Huyu mwenye kifuko kikubwa ametoka mbali," akatuambia. "Alipanda lori jana, hajala tangu hapo. Asiyekula nyongo yake haitoki." Kijana mmoja akanitazama, nami nikamwitikia kwa kichwa. Hiyo ni kolesistokinini imeelezwa bila kutajwa: hakuna chakula kinachofika utumboni, hakuna homoni, kifuko kinakaa kimejaa.

Kisha akaingiza kisu kwenye mrija mkubwa wa nyongo wa ini la tatu. Kisu kilikwaruza, kikatoa sauti kana kwamba kinakata changarawe, kwa maana ukuta wa mrija ulikuwa umejaa chokaa. Alipoubana kwa kidole gumba, walitoka minyoo bapa, wa rangi ya udongo, mmoja baada ya mwingine, wengine wakiwa bado wanajikunja juu ya meza. Ni minyoo ya ini, Fasciola gigantica, ambayo yaweza kufikia sentimita 7 na zaidi. Konokono wa majini ndio wanaoibeba kabla haijashika majani, na ng'ombe anayelishwa kwenye tambarare zenye maji kama zile za Nyando na Ahero hawezi kuikwepa kirahisi. Ini lile lilitupwa.

Tuliuliza habari za mawe. Akasema huyaona, si mara nyingi, na kwamba wapo wanunuzi wanaoyatafuta. Mawe ya nyongo ya ng'ombe yana soko kubwa China, hutumika kwenye dawa za jadi. Lakini hayo kwa kawaida ni mawe ya rangi ya nyongo, yaani bilirubini, na ya kolesteroli ni nadra. Ng'ombe anakula majani, na katika majani karibu hakuna kolesteroli kabisa. Shida ya kifuko cha ng'ombe wa huku kwetu ni minyoo.

Tumerudi na vifuko vya ng'ombe na mbuzi kwenye ndoo ya barafu.

Jumapili, 18 Mei

Kwa ufupi: msichana mwenye swali lake alipita Dunga, ufukweni mwa ziwa, na mama yake, akawaomba akina mama wanaopaa samaki wamwonyeshe. Ngege na mbuta wote wana kifuko cha nyongo. Ameniambia yule mama alichokonoa ndani ya tumbo la ngege kwa ncha ya kidole, akakiinua kifuko kizima kizima bila kukipasua, akasema, "Hii ikipasuka, mwanangu, huyo samaki umlishe paka." Ameleta vifuko viwili kwenye chupa ya pombe ya maabara. Safu ya samaki kwenye jedwali letu la kulinganisha vifuko vya wanyama imepatikana.

Alhamisi, 22 Mei

Siku ya majaribio. Haya yanaweza kufanywa na shule yoyote yenye kichinjio karibu, kwa hiyo nayaeleza kikamilifu.

Tulichukua neli mbili za maji na matone ya mafuta ya kupikia. Moja tukaiongezea nyongo ya ng'ombe. Tukazitikisa kwa pamoja. Ile isiyo na nyongo ilitengana papo hapo, mafuta yakapanda juu. Ile nyingine ilibaki na wingu la manjano kijani mpaka kengele ya kipindi ikalia. Walichokiona ni mafuta kukatwakatwa kuwa matone madogo mno kiasi cha kutoweza kuungana haraka.

La pili ndilo lililowanyamazisha. Ukinyunyiza unga wa salfa taratibu juu ya maji safi, unaelea. Hauzami hata ukisubiri, kwa sababu ngozi ya maji inaubeba. Tuliunyunyiza kwenye bika yenye maji, ukaelea. Tukaunyunyiza kwenye bika yenye maji na nyongo kidogo. Kwa sekunde chache ulikaa juu, kisha ukaanza kushuka, nyuzi nyembamba za njano zikiteremka katikati ya maji hadi chini. Hakuna aliyeigusa bika. Chumvi za nyongo zimepunguza ule mvutano wa juu ya maji. Madaktari wa zamani walitumia jaribio hilihili kutafuta chumvi za nyongo kwenye mkojo wa mgonjwa mwenye manjano, yaani aliyegeuka njano macho na ngozi.

Nataka majaji waone hili kabla ya kuona bango. Mtu akishaona salfa inazama, atakubali mwenyewe kwamba kitu hicho kinaweza kubeba kolesteroli majini.

Tulipasua pia kifuko cha ng'ombe kwa urefu, tukakisuuza, tukakibandika kwenye ubao kwa pini. Ndani si laini, kuna mikunjo midogo inayokatana. Tukakata kipande, tukakitazama kwa darubini: utando wa ndani, halafu nyuzi za misuli zikipita huku na huku. Niliwakalisha hapo kwenye misuli kwa muda mrefu.

Jumatatu, 26 Mei

Mjadala mkali. Kundi moja linataka tuwalishe sungura viini vya mayai na mafuta ya ng'ombe, kisha tuwachinje tutazame vifuko. Wana hoja: mwaka 1913 Anitschkow na mwenzake Chalatow, kule St. Petersburg, waliwalisha sungura kolesteroli na mishipa yao ikajaa mafuta, na kutoka hapo ndipo elimu nzima ya kolesteroli na mishipa ilipopata nguvu. Kwa nini nasi tusifanye?

Nimekataa na nimewaeleza kwa nini. Kwanza, sheria. Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na jaribio la kumuumiza mnyama linahitaji leseni. Shule haina. Pili, na hili kwangu ni zito kuliko sheria, hatuna daktari wa mifugo wa kukaa na wanyama hao, na mnyama mla majani anayelazimishwa mafuta huumwa kwa njia nyingi ambazo mwanafunzi hatazitambua. Tatu, sungura wachache wasingetuambia chochote ambacho hakijulikani.

Walinuna. Nikawapa kazi nyingine ambayo naamini ni ngumu zaidi: wakusanye yale yanayojulikana tayari kuhusu kila mnyama, walipange, waseme kwa nini majibu yanatofautiana. Hatulishi mnyama yeyote. Tunafungua waliokwisha kufa kwa sababu nyingine, na tunasoma.

Jumamosi, 31 Mei

Mlinzi wa shule alinasa panya wawili kwenye mitego wiki hii, mmoja mkubwa wa stoo ya mahindi, mwingine mdogo wa darasani. Niliwafungua mwenyewe, glavu mbili mbili, maski, na meza ikapigwa Jik kabla na baada, maana mkojo wa panya una magonjwa.

Kwa yule mdogo tulisogeza ndewe za ini kwa kibanio. Kilikuwepo: kifuko cha milimita chache, ngozi nyembamba inayopitisha mwanga, nyongo ya manjano hafifu ndani. Kwa yule mkubwa tulitafuta. Tukageuza ndewe moja, ya pili, zote. Kijana aliyekuwa ameshika taa akasema, "Mwalimu, labda kimepasuka." Nikamwambia atafute doa la kijani. Hakuna. Mrija wa nyongo ulitoka moja kwa moja kwenye ini ukaingia utumboni.

Panya mkubwa hana kifuko cha nyongo, hajawahi kuwa nacho. Wanyama hawa wawili wanaishi shule moja na kuiba mahindi yaleyale, na mmoja anaweza kupata mawe ya nyongo kwenye kifuko, mwingine hana hata mahali pa kuyaweka. Njiwa hana. Farasi hana, ngamia hana, tembo hana. Kuku anacho. Mtoto mmoja alisema upesi kwamba asiyekuwa nacho ni yule anayekula mfululizo, hivyo hahitaji ghala. Ni wazo zuri kwa farasi. Lakini ng'ombe naye hushinda akila na kucheua, na kifuko tulikiona kimening'inia. Nimemwandikia wazo lake kwenye bango pamoja na pingamizi lake.

Tangu leo mradi una jina. Tumefuta "Kolesteroli na kifuko cha nyongo" tukaandika "Kifuko cha nani?"

Jumamosi, 7 Juni

Idd imepita na jirani zetu wa Manyatta wametupatia vifuko vya mbuzi zaidi ya tulivyohitaji, pamoja na sahani ya pilau. Mungu awazidishie.

Wiki yote vijana wamekuwa wakisoma, na jedwali limeanza kusema kitu. Naandika yale yaliyonigusa.

Mbwa. Nyongo yake ina kolesteroli kidogo na fosfolipidi nyingi. Watafiti wa zamani walichukua mawe ya kolesteroli ya binadamu wakayapandikiza ndani ya kifuko cha mbwa, na mawe yakayeyuka. Fikiria: kitu kinachomlaza mtu hospitalini kinayeyuka ndani ya nyongo ya mnyama anayelala mlangoni kwake. Mbwa ana balaa lake lingine, ute mzito unaojaza kifuko mpaka kinakaribia kupasuka, na mbwa wenye mafuta mengi damuni wamo hatarini zaidi. Lakini mawe ya kolesteroli si ugonjwa wake.

Panya mdogo. Mpe kolesteroli peke yake na kwa kawaida anajitetea. Ndipo watafiti wakaongeza asidi ya koliki, mojawapo ya asidi za nyongo. Tepperman na wenzake walifanya hivyo mwaka 1964. Chakula kinachotumika sana tangu hapo kina mafuta asilimia 15, kolesteroli asilimia 1 hivi, na asidi ya koliki nusu asilimia. Asidi hiyo inasaidia utumbo kufyonza kolesteroli, na papo hapo inalizuia ini kuigeuza kolesteroli kuwa chumvi za nyongo. Mlango wa kuingilia umefunguliwa, wa kutokea umefungwa. Kifuko kinavimba, ukuta unakuwa mnene, ute unaongezeka, fuwele zinatokea, halafu mawe. Hata hapo si panya wote. Ukoo uitwao C57L hupata mawe kwa wingi, ukoo wa AKR hupona kwa chakula kilekile. Mwaka 1995 watafiti waliipata sehemu ya kromosomu ya 2 inayohusika, wakaiita Lith1. Kijana wa kidato cha nne anayependa jenetiki hajalala tangu alipoisoma hiyo.

Hamsta, mnyama mdogo wa jamii ya panya. Hapa darasa zima lilisimama. Mwaka 1952 Henrik Dam, yule Mdenmaki aliyepewa Tuzo ya Nobel ya 1943 kwa kugundua vitamini K, pamoja na Christensen, waliwalisha hamsta wachanga chakula cha glukosi nyingi kisicho na mafuta. Kisicho na mafuta, narudia. Hamsta wakapata mawe ya kolesteroli. Ini lao liliitengeneza lenyewe kutokana na sukari. Ina maana unaweza kuuliza habari za kolesteroli kwenye sahani ukajibiwa habari za sukari, ikiwa mnyama uliyemchagua ni hamsta.

Kisha yuko kindi mnene wa nyika za Marekani, aishiye kwenye mashimo, jina lake la kisayansi Cynomys. Huyu ndiye aliyewapa watafiti walichokuwa wanatafuta. Nyongo yake inakaribia ya binadamu. Mpe chakula chenye kolesteroli asilimia 1.2, bila asidi ya kuongezea, na ndani ya wiki moja au mbili fuwele zipo, na mawe yanafuata. Kwa huyu, swali letu lina jibu la ndiyo lisilo na masharti mengi.

Alhamisi, 12 Juni

Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote na nataka lieleweke.

Kwa Cynomys na kwa kindi wengine wa ardhini, kifuko hulegea kabla jiwe halijaonekana. Kolesteroli nyingi kwenye nyongo haikai kwenye nyongo tu. Inaingia ukutani, inapenya hadi kwenye utando wa seli za misuli, zile nyuzi tulizoziona kwa darubini mwezi uliopita. Utando ukijaa kolesteroli, vipokezi vya kolesistokinini vilivyomo havifanyi kazi ipasavyo. Chakula kinafika utumboni, homoni inatoka, inafika kwenye kifuko, lakini kifuko kinajikamua kidogo tu. Nyongo inabaki. Inakaa, inazidi kuwa nzito, ute unaongezeka, fuwele zinapata ule muda niliomwambia kijana aushike kwa mikono miwili.

Behar na Biancani, waliofanya kazi hii kwa miaka mingi Marekani, walionyesha jambo lingine la maana. Ukiichokoza seli ya misuli kwa njia isiyopitia kwenye kipokezi, inajikunja vizuri. Kumbe misuli ni mizima, kasoro iko kwenye utando. Na seli hizo zikilowekwa kwenye vipovu vya mafuta visivyo na kolesteroli, ili kolesteroli iliyozidi itolewe, nguvu zinarudi. Watu wenye mawe ya kolesteroli nao wameonekana na misuli dhaifu ya namna hiyohiyo.

Nimewaambia vijana waondoe picha ya jiwe kubwa iliyokuwa juu kabisa ya bango. Ilikuwa inavutia, lakini inamfanya mtazamaji aamini kwamba ugonjwa unaanza na jiwe. Badala yake tumebandika kile kipande cha kifuko cha ng'ombe, kimekaushwa, na mshale unaoonyesha misuli. Jiwe limehamia mwisho wa mstari.

Pia tumeongeza kijisanduku kuhusu mambo mengine yanayokiacha kifuko kimelala: ujauzito, kwa kuwa homoni zake hulegeza misuli na kuongeza kolesteroli kwenye nyongo, kukaa muda mrefu bila kula, kukonda kwa haraka mno. Msichana wetu aliandika sehemu hiyo mwenyewe, akampigia shangazi yake simu kumsomea.

Jumatano, 18 Juni

Kijana kutoka Narok aliye bweni aliuliza: na sisi? Babu yake amekunywa maziwa na kula nyama maisha yake yote. Swali la haki kabisa, na lina jibu lililochapishwa. Mwaka 1971 Biss na wenzake waliandika kuhusu Wamaasai wa Afrika Mashariki. Chakula chao kilikuwa na mafuta mengi mno, kama theluthi mbili za nguvu yote ya chakula, na bado kolesteroli ya damu ilikuwa chini. Nyongo yao ilikuwa na chumvi na fosfolipidi nyingi ikilinganishwa na kolesteroli, na watafiti hao walilihusisha jambo hilo na uhaba wa mawe ya kolesteroli kwao. Nimemwambia aisome pembetatu ya 1968 aonyeshe nyongo ya babu yake ingeangukia upande upi wa mstari. Alionyesha sawasawa.

Nimemkumbusha pia kwamba utafiti ule ulihusu maisha ya wakati ule, wakati watu wakitembea mchana kutwa nyuma ya ng'ombe. Mjukuu anayekunywa soda bwenini hajapimwa na mtu.

Ijumaa, 27 Juni

Maonyesho ya kaunti ndogo yamekwisha na tumepita kwenda ngazi ya kaunti. Salfa ilizama kama tulivyotaka, mbele ya majaji. Jaji mmoja aliomba arudie mwenyewe, akapewa kijiko.

Swali lililotusumbua lilitoka kwa jaji mama mmoja, na alilileta bila kuzungukazunguka: "Basi mnaniambia niache mayai?"

Msichana alijibu hivi, na nanakili kadiri ninavyokumbuka. Yai moja kubwa lina kolesteroli kama miligramu 200. Chakula cha majaribio chenye kolesteroli asilimia 1, mtu angekila kwa kipimo cha gramu 500 kavu kwa siku, angekuwa anameza gramu 5, yaani mayai 25 kila siku. Kwa hiyo wanyama wale walipewa dozi ambayo hakuna mtu Kisumu anayeikaribia, na hata hivyo panya wa AKR walibaki salama na panya mkubwa hana kifuko cha kuugua. Akaendelea: hamsta alipata mawe kwa sukari, bila mafuta hata kidogo, kwa hiyo anayeacha mayai akahamia mandazi na soda asijihesabu kuwa amekimbia. Daktari wa shangazi yake ana sababu, akasema, kwa kuwa mwenye mawe tayari akila mafuta mengi kifuko kinajikamua kwa nguvu juu ya jiwe, na hapo ndipo maumivu yanapoanza. Lakini hayo ni maagizo ya mwenye jiwe. Si kipimo cha kila mtu.

Jaji aliandika kwa muda. Kisha akauliza kwa nini hatukuwalisha sungura. Kijana mmojawapo wa wale walionuna mwezi uliopita ndiye aliyejibu, akaanza na Sura ya 360 akamalizia kwa kusema sungura angetupa jibu la sungura.

Ya kurekebisha kabla ya kaunti: safu ya kuku ina picha mbovu, tutaipiga upya. Kondoo hayumo kabisa, na jaji mmoja alilitaja hilo. Mkaguzi amesema twende Jumanne asubuhi atatuwekea ini zima. Simbilisi pia, akina mama wa Kakamega wanawafuga na kijana mmoja ana shangazi huko ambaye huwachinja kwa kitoweo, ataleta ini wikendi akirudi kutoka nyumbani. Pombe ya kuhifadhia imepungua, nimeandika kwenye daftari la mahitaji. Lugha ya sehemu ya utando wa misuli bado ni nzito. Nimempa mtoto wa kidato cha kwanza aisome kwa sauti, na kila alipokwama nimeweka alama ya penseli.